Sura ya Sita: Waya wa Kijani Nyuma ya Bafu la Mwalimu

Sajenti Saada alivua viatu mlangoni, akaingia bafuni kwa watu na soksi zake, akasimama kuitazama hita.

"Usiguse, afande," alisema Mwalimu Harithi kutoka koridoni.

"Swichi kubwa umezima?"

"Tangu jana. Tunaoga maji ya ndoo."

"Vizuri. Na mimi najaribu tena." Akatoa tesita ya kupimia umeme mfukoni, akagusisha waya mmoja baada ya mwingine. Taa ya tesita haikuwaka. Ndipo aliposhika bisibisi. Na wewe mwenye hita nyumbani ufanye hivyo hivyo, hata kama mumeo amekuapia kwamba umeme umezimwa.

Ilikuwa hita ndogo nyeupe, ile isiyo na tangi, inayochemsha maji yakiwa yanapita. Jana yake, Jumatatu saa moja asubuhi, Amna mke wa mwalimu, mzazi wa siku kumi, alishika bomba la hita hiyo akarushwa na umeme mpaka mlangoni, akavunjika mfupa wa bega. Mtoto alikuwa chumbani kwa bibi yake. Kila jirani aliyesimulia habari hii pale Nachingwea, akifika hapo kwenye mtoto, alimshukuru Mungu kwanza.

Saa kumi jioni ya jana hiyo hiyo polisi walimkamata Maige, fundi aliyeifunga hita miezi mitano nyuma. Kijana wa miaka ishirini na miwili, anatoka Nambilanje kule Ruangwa, kwenye familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Mkuu wa upelelezi alimwambia Saada maneno machache tu: "Leo saa kumi zinatimia saa ishirini na nne. Niletee kosa au nifungue mlango."

Saada alifungua kifuniko cha hita. Koili, ule mrija unaochemsha maji, ilikuwa imepasuka kwa urefu, nyeusi kama kijiti kilichochomwa.

"Mwalimu, nani amefungua humu kabla yangu?"

"Mimi. Jumapili. Niliisafisha."

"Nani alikufundisha?"

"Video ya simu." Mwalimu alijikuna shingo. "Maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaweka ukoko mweupe ndani. Halafu Amna alikuwa analalamika bomba linamwashawasha vidole, kama siafu. Nikadhani ni huo ukoko."

"Nieleze ulivyofanya, bila kuruka kitu."

"Nilizima swichi kubwa. Nikafunga maji. Nikatoa chujio, lilikuwa limejaa mchanga, nikalisugua kwa mswaki wa zamani. Nikajaza maji ya ndimu, nikaacha nusu saa, nikasuuza. Nikafunga kifuniko. Nikawasha."

"Uliwasha nini kwanza, umeme au maji?"

Mwalimu alifikiri. "Umeme. Nilipofungua bomba likawa linakohoa, hewa na maji, hewa na maji. Nikaliacha hivyo hivyo kama dakika moja."

"Hukusikia harufu?"

"Niliisikia. Lakini maji yalipokaa sawa yalikuwa ya moto. Nikasema imepona."

Saada aliandika. Maji yanatakiwa yapite kwanza, umeme ukiwa umezimwa, mpaka bomba liache kukohoa. Koili ikipata hewa badala ya maji, inajichoma yenyewe. Video haikusema, au ilisema na mwalimu aliruka mbele.

"Na jana, ulipomsikia mkeo anapiga kelele?"

"Nilikimbilia swichi nizime. Nikaikuta ile ndogo ya usalama, iliyo pembeni yake, imeshashuka yenyewe."

Saada aliinua kichwa. "Imeshashuka kabla hujaigusa?"

"Wallahi kabla sijaigusa."

Hilo nalo aliliandika, akalipigia mstari.

Nje, nyuma ya bafu, Bibi Mwanaima, mama yake mwalimu, alikuwa anafua nepi. Alikuja kutoka Lionja kumwangalia mkwewe alipojifungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekunywa chai, mwanangu? Askari mwembamba hivi utamkamata nani?"

"Nitakunywa nikirudi." Saada aliinama ukutani. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ulitoka kwenye tundu la bafu, ukashuka na ukuta, ukaingia udongoni. Ardhi ilikuwa imefagiwa safi. Kwenye daftari aliandika: *Waya wa ethi, ule wa usalama, upo*. Ndilo kosa alilofanya Saada siku ile, na lilimgharimu saa sita.

*

Mahabusu, Maige alikaa sakafuni bila viatu, bila mkanda. Swali la kwanza alilitoa yeye.

"Mama yule anaendeleaje?"

"Atapona. Hapa anayeuliza ni mimi. Ng'ombe wa baba yako waliingia shamba la nani mwezi wa tatu?"

"La Masoudi. Ufuta wake, Lionja. Baba alilipa."

"Masoudi ni kaka yake Amna. Ulijua?"

"Nilijua jana, aliponipiga kofi mbele ya kaunta yenu."

"Anasema ulitega hita ili kulipiza."

Maige alicheka kidogo bila furaha. "Hita niliifunga mwezi wa kwanza, afande. Ng'ombe wameingia mwezi wa tatu. Nilitega kwa ugomvi ambao haujatokea?"

Saada hakucheka, ila kalamu ilisimama. "Koili imepasuka. Umeme umeingia kwenye maji. Umeifunga wewe."

"Koili inaweza kupasuka hata ya ikulu. Lakini ile ya kwangu haiwezi kurusha mtu. Swichi ndogo niliyoiweka inashuka kwanza, kabla mtu hajaingia bafuni."

"Kila fundi anasema hivyo."

"Basi usiniamini mimi. Nenda Ruangwa, gesti ya Mzee Eustakio. Nimemfungia hita mbili, mwaka wa pili huu. Zitazame."

"Nikikutolea dhamana leo, itakusaidia?"

"Dhamana kwa sababu gani? Kwa kuhurumiwa?" Alitikisa kichwa. "Huku kwenu mimi ni mtoto wa ng'ombe. Watu wameanza kuniita fundi mwaka jana tu. Nikitoka kwa kuhurumiwa, nyumba gani itanifungulia mlango nikiwa na bisibisi?"

*

Hospitalini Amna alikuwa amekaa, mkono umefungwa kifuani, mtoto ananyonya upande mzima. Masoudi alisimama pembeni na chupa ya uji.

"Afande, yule Msukuma mmeshampeleka mahakamani?"

"Bado, kaka."

"Mnangoja nini? Na ufuta wangu je?"

"Ufuta ni kesi ya ng'ombe. Mimi nipo kwenye umeme."

Amna alicheka, halafu akashika bega. "Usinichekeshe, linauma."

"Pole, mama. Swali moja. Bomba lilianza kukuwasha vidole lini?"

"Ijumaa. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku kitovu cha mtoto kilidondoka. Asubuhi kikadondoka, jioni nikaenda kuoga, nikahisi siafu kwenye bomba."

"Kabla ya Ijumaa, hata mara moja?"

"Hata kidogo. Miezi mitano naoga kama malkia."

"Na mwalimu aliifungua Jumapili."

"Jumapili. Nilimsumbua mimi, masikini."

Masoudi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani kuna tofauti gani, Ijumaa na Jumapili?"

"Siku mbili, kaka," alisema Saada. "Mwalimu hawezi kuharibu Jumapili kitu kilichoanza Ijumaa."

Hapa nawasihi kina mama. Bomba likikuwasha vidole, usijizoeshe, wala usimwambie mtu alisafishe kwanza. Zima, toka, ita fundi. Amna alijizoesha siku tatu.

*

Pikipiki ya kituo ilimfikisha Ruangwa saa tano na nusu, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Eustakio, mwenye gesti ya vyumba sita, alikuwa mstaafu mnene aliyevaa kaptura, na alipoambiwa askari amekuja kutazama hita alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

"Hita? Karibu, mama, karibu! Wageni wote wanauliza vocha ya intaneti, hakuna anayeniuliza hita. Leo ni zamu ya chumba namba mbili. Kila miezi mitatu nazisafisha kwa mkono wangu."

"Nani amekufundisha?"

"Maige. Alikataa kuondoka mpaka nirudie yote mbele yake. Mimi mzee mzima, napewa mtihani!"

Alifanya huku anasimulia. Alizima swichi kubwa na kuipachika karatasi iliyoandikwa MTU ANAFANYA KAZI. Alijaribu kwa tesita. Alifunga koki ya maji, akafungua bomba limwage yaliyobaki. Alitoa chujio, akalisuuza. Siki alichanganya na maji nusu kwa nusu, akaimimina, akawasha redio.

"Taarifa ya habari ikiisha, ukoko umelainika," alisema. Walingoja. Kisha akafungulia maji, na bomba likaanza kukohoa.

"Sasa unawasha umeme?" aliuliza Saada.

"Thubutu! Acha likohoe mpaka litulie. Sikiliza... bado... bado. Haya. Limetulia. Sasa ndiyo umeme."

"Koili zako hazijawahi kupasuka?"

"Moja. Mwaka jana, chumba namba tano. Ya kiwandani, haikuwa safi."

"Mgeni akarushwa?"

"Arushwe na nini? Swichi ndogo ilishuka. Mgeni akaja na taulo kunigombeza kwamba maji ya baridi. Nikampa ndoo na soda."

Saada alifunga daftari, akalifungua tena. Fundi yule yule, aina ile ile ya hita, koili imepasuka vile vile. Ruangwa mgeni amegombana na maji ya baridi, Nachingwea mama amevunjika bega. Kitu kimoja kilichopo hapa, kule hakipo.

"Mzee, swichi hiyo ndogo inajuaje kushuka?"

"Umeme ukivuja unatafuta pa kukimbilia. Ukiwa na njia ya kwenda chini, unakimbilia huko, swichi inauona unatoroka, inashuka. Usipokuwa na njia, unakaa kwenye bomba unangoja mtu aguse. Akigusa, njia ndiyo yeye. Swichi itashuka, ndiyo, lakini mtu keshapigwa."

"Njia hiyo ni ule waya wa kijani?"

"Waya na kilichopo mwisho wake. Njoo."

Nyuma ya gesti alisukuma kibao kilichofunika shimo dogo. Ndani ilisimama fimbo ya shaba, na waya wa kijani umebanwa kichwani mwake kwa klampu yenye meno.

"Hii ndiyo ethi rodi. Imeshuka chini urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Na huu uchafu unaouona pembeni ni mkaa na chumvi. Maige alizijaza kuzunguka fimbo. Zinashika unyevu, umeme unapita vizuri. Waya peke yake kwenye udongo ni urembo tu, mama."

Saada alichuchumaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mkaa na chumvi," alisema.

"Mke wangu alipoviona alikataa kulala hapa siku mbili," alisema Mzee Eustakio na kucheka mpaka tumbo likatikisika. "Ikabidi Maige aje amweleze kwa kumchorea."

*

Saa nane na robo Saada alikuwa tena nyuma ya bafu la mwalimu. Bibi Mwanaima alikuwa anaanua nepi. Mwalimu alisimama karibu naye.

Saada aliushika waya wa kijani akauvuta kwa vidole viwili. Ulitoka kama jani la mhogo. Ulikuwa umeingia udongoni kiasi cha kiganja, basi.

Mwalimu alifungua mdomo. "Kwa hiyo Maige hakufunga ethi!"

"Njoo utazame ncha hii kabla hujamfunga mtu miaka mitano."

Shaba ya mwisho wa waya ilikuwa imelala bapa, na juu yake vishimo vinne vidogo vimepangana. Alama za meno ya klampu. Waya huu ulikuwa umebanwa kwenye kitu kwa miezi, kisha ukafunguliwa. Saada alichimba kidogo kwa bisibisi. Chini ya vumbi lililofagiwa udongo ulikuwa laini, na ukatoka na vipande vyeusi vya mkaa.

"Mwalimu, Ijumaa asubuhi ulikuwa wapi?"

"Shule."

"Na Amna?"

"Amelala, na mtoto."

Saada aligeuka. "Bibi, kitovu cha mjukuu umekizika wapi?"

Bibi Mwanaima aliikunja nepi mara mbili kabla ya kujibu. "Askari anauliza mambo ya uzazi?"

"Nina watoto watatu, bibi. Nauliza."

"Kule kwenye mgomba."

"Hukuanzia hapa? Hapa pana unyevu wa bafu. Jembe linaingia bila kusumbua."

Bibi alimtazama mwanawe. "Harithi, kamwandalie mkeo chakula cha kupeleka hospitali."

"Mama, kimeshaandaliwa."

"Basi kakipashe."

"Mama."

"Haya, kaa usikie, umekuwa mkubwa." Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Nilianzia hapo. Jembe la tatu nikakuta mfuko wa saruji umefunika kitu. Nikaufunua. Chumvi, mwanangu. Madonge ya chumvi, na mkaa, na katikati fimbo ya shaba imesimama, imefungwa waya, na waya unaingia ndani kwa mwanangu alikolala mzazi. Nani anazika chumvi na mkaa nyuma ya nyumba ya watu? Na fundi mwenyewe kijana tusiyejua kwao. Wewe ungefanyaje?"

"Ningeogopa," alisema Saada. "Wewe ulifanyaje?"

"Niliswali rakaa mbili. Nikaichimba mpaka adhana ya adhuhuri, na mgongo huu. Nikaitia kwenye choo cha zamani. Waya nikaurudisha udongoni usionekane umekatika, nikafagia."

"Mama!" Mwalimu alishika kichwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia Amna. Mzazi hatishwi, maziwa yanakauka. Hata hilo hawakufundishi chuoni?"

Saada alichuchumaa mbele yake, akamweleza kama alivyoelezwa Ruangwa: umeme unaotoroka, njia ya kwenda chini, chumvi inayoshika unyevu. Ijumaa, alisema, umeme mdogo unaopenya kwenye maji ya chumvi ulipokosa njia ukabaki kwenye bomba; Jumapili koili ilipopasuka ukawa mkubwa. Alieleza mara mbili. Bibi alisikiliza bila kupepesa.

"Basi niliyemwangusha mkwe wangu ni mimi."

"Koili aliipasua mwalimu kwa haraka yake. Wewe uliondoa njia. Kosa moja peke yake lisingevunja bega."

"Tumegawana, mimi na mwanangu."

"Mmegawana."

Mwalimu hakubisha. Alikwenda mwenyewe kwenye choo cha zamani na ndoano ya kuvulia ndoo kisimani, shati limefungwa puani. Ilimchukua nusu saa na matusi ya chini chini. Fimbo ilitoka na klampu yake ikiwa bado kichwani. Saada aliimwagia maji, akauweka waya kwenye meno ya klampu. Vishimo vinne vikaingia kwenye meno manne. Akapiga picha tatu.

"Na yule kijana?" aliuliza bibi.

"Yupo mahabusu tangu jana. Saa kumi wanaamua."

Bibi Mwanaima alisimama. "Nipe kanga yangu ya kutokea, Harithi. Ya kijani. Usilete ile ya jikoni."

*

Maelezo ya bibi yalichukua kurasa mbili, na aliweka dole gumba mahali pote alipoonyeshwa, na pengine pawili asipoonyeshwa. Mwalimu alisaini ya kwake. Mkuu wa upelelezi alisoma, akatazama picha, akatazama fimbo iliyolazwa kwenye gazeti mezani, akasogeza kiti nyuma kwa ajili ya harufu.

"Ajali," alisema. "Mwachieni."

Saa kumi kasoro dakika kumi Maige aliletwa kaunta. Walimrudishia viatu, simu, tesita, mkanda. Bibi Mwanaima alikuwa kwenye benchi. Alisimama mbele ya kijana huyo, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Fimbo yako niliing'oa mimi. Nilidhani umetuzikia kitu. Nimekosa, mwanangu."

Maige alimtazama, akautazama mkanda mkononi mwake. "Uliing'oa peke yako?"

"Peke yangu."

"Niliipigilia na nyundo ya kilo tano, bibi." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kosa ni langu pia. Niliwachorea watu wa Ruangwa, kwenu sikuchora. Nilidhani nyumba ya mwalimu wanajua."

"Uko huru," alisema Saada. "Saini hapa."

Maige hakushika kalamu. "Imeandikwa nini, afande?"

"Hakuna kosa la jinai. Mtuhumiwa aachiwe."

"Mtu akisoma hapo ataona nini?"

"Ataona umeachiwa."

"Hataona nilifunga vizuri."

Konstebo wa kaunta alikohoa. "Dogo, wenzako wakifunguliwa mlango wanakimbia, wewe unasahihisha insha?"

"Mwandikie," alisema Bibi Mwanaima. "Kama panatakiwa dole gumba lingine, ninalo."

Saada alilivuta jalada kwake. Chini ya sahihi ya mkuu palibaki nafasi ya mistari miwili. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa zinazosomeka: *Hita ilifungwa ipasavyo, pamoja na ethi. Swichi iliyowekwa na fundi Maige ndiyo iliyookoa maisha ya mama wa mtoto.* Akapiga muhuri, akaligeuza jalada.

Maige aliisoma mistari hiyo kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akasaini. Kisha akaanza kuvaa mkanda wake, bila haraka yoyote.